Dawa Hushika Nini?

Msomaji kijana, wako watu wasemao kwamba mgonjwa akipona yatosha. Kuuliza dawa imemponyaje ni kazi ya wasio na kazi. Neno hili hupendeza masikioni, lakini ni kosa, na sisi wa Kombewa twaijua gharama yake.

Klorokwini ilitengenezwa mwaka 1934. Kwa miaka mingi ilikuwa ngao ya watoto wa kando ya Ziwa Viktoria. Iliponya, basi wengi wakaridhika. Vijidudu vya malaria havikuridhika. Vilipata njia ya kuitoa dawa mahali ilipofanyia kazi. Mwaka 1998 Kenya iliacha kuitumia kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Protini iliyowapa vijidudu njia hiyo ilitambuliwa mwaka 2000, ngao ilipokwisha kutoboka.

Basi hujulikanaje kitu ambacho dawa hukishika? Mvuvi wetu haoni chini ya maji. Hutia chambo katika ndoana, akavuta, akaona ni samaki gani aliyemeza. Mwanakemia hufanya vivyo hivyo. Huifunga dawa kwenye punje ndogo mno, mfano wa ushanga, akazitia katika majimaji yaliyotolewa ndani ya vijidudu, kisha akaziosha. Protini iliyong'ang'ania ndiyo hushukiwa. Chambo huweza kuvuta takataka pia. Kwa hiyo lazima ushahidi mwingine utafutwe.

Utasema, kazi hiyo ni ya Ulaya. La! Kituo cha H3D cha Cape Town, kilichoanzishwa mwaka 2010 na Profesa Kelly Chibale, mzaliwa wa Zambia, kilishirikiana na wenzao wa ng'ambo kuichunguza dawa iitwayo MMV048. Chambo cha namna hii kilisaidia kuonyesha kwamba hushika kimeng'enya cha kijidudu kiitwacho PI4K. Dawa yenyewe haikufika madukani, lakini shabaha imejulikana, na mshale mwingine waweza kutengenezwa.

Katika majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza mwaka 2009, watoto wa Kombewa walitoa mikono yao kudungwa sindano. Hiyo ni heshima kubwa. Lakini je, siku zote sisi tutoe mikono na wengine watoe akili? Kijana, usiikimbie kemia kwa sababu ni ngumu. Malaria ni ngumu zaidi, nayo haitukimbii.