Vipimo vya Ajabu vya Injini

Gari litokalo makazi ya Nakivale kuelekea Mbarara huenda limebeba mgonjwa. Injini iliyoundwa upya haina budi kuaminika. Fundi akipima mgandamizo, akaona ratili 150 katika silinda ya 1 na ya 4, lakini 90 katika ya 2 na ya 3, asikimbilie kuifumua tena. Betri ijae, plagi zote zitolewe, pedali ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho, apime upya. Kisha atie kijiko cha oili katika silinda dhaifu. Kipimo kikipanda, ringi hazijakaa sawasawa. Kisipopanda, ashuku valvu, au gasketi baina ya silinda hizo jirani. Afunguaye bure hupoteza fedha: gasketi iliyokwisha kubanwa haitumiki tena.