Mchagua Baiskeli Si Mpandaji?

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hapa Pongwe methali hii hutolewa vijiweni kila kijana anapositasita mbele ya duka la baiskeli. Huambiwa: chukua yoyote, baiskeli ni miguu. Mimi nasema hapana. Wahenga walimkusudia mvivu anayetafuta kisingizio cha kutolima. Hawakumkusudia mnunuzi anayetaka kujua fedha yake inakwenda wapi. Mkulima asiyechagua jembe huenda akakosa mavuno. Mpanda baiskeli asiyechagua huenda akakosa meno.

Ninazungumzia zile baiskeli za springi mbili, moja katika uma wa mbele na moja chini ya kiti. Zimepakwa rangi za kuwaka, tairi zake nene zina meno kama ya trekta, na fremu imepinda kwa madaha. Mtoto akiiona hataki nyingine. Mzazi akiulizwa kwa nini ameinunua, hujibu kwamba njia zetu ni mbovu na springi zitamsaidia mtoto. Ni jibu linaloonekana kuwa na akili, na ndiyo maana hapana budi tulichambue.

Springi peke yake haiondoi mtikisiko. Huupokea, huuweka, kisha huurudisha. Ukipita juu ya jiwe itabonyea, halafu itakurusha. Katika baiskeli iliyotengenezwa kwa ajili ya milima, springi, iwe ya chuma au ya hewa, hufanya kazi pamoja na mafuta yanayolazimishwa kupita katika matundu madogo ndani ya shokapu. Mafuta hayo ndiyo yanayozuia ule mrusho na kuugeuza kuwa joto. Tena shokapu hiyo hurekebishwa kwa uzito wa mpandaji: akikaa kitini inatakiwa ibonyee takriban robo hadi theluthi ya mwendo wake wote, ili gurudumu liweze kushuka shimoni na kupanda jiwe bila kuachana na ardhi. Zile za bei nafuu madukani kwetu, nyingi zina springi kavu tu. Haina mafuta wala marekebisho. Mtoto wa kilo 35 na baba yake wa kilo 80 wanapewa springi ileile. Hiyo ni pambo lenye uzito. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Na uzito huo analipa nani? Ni yule anayekanyaga pedeli. Kila anaposukuma mguu kupanda kilima, sehemu ya nguvu yake huishia kuibonyeza springi badala ya kuzungusha gurudumu. Kisha zipo zile bawaba zinazoiwezesha nyuma ya fremu kucheza. Upepo wa chumvi wa pwani na vumbi la mawe ya chokaa tulilo nalo hapa huzila upesi. Zikilegea, gurudumu la nyuma huyumba kama mlevi. Tena baiskeli ya namna hii haipokei keria kwa urahisi. Mtoto wa mkulima wa Pongwe hana baiskeli ya kwendea shule tu. Ndiyo hiyohiyo inayobeba dumu la maji, na jioni inampeleka bibi zahanati.

Kuna kijana wa jirani yangu aliyeweka akiba kwa muda mrefu ili awe akiwaongoza wageni kwa baiskeli katika misitu ya Amani na Magoroto. Ni wazo jema. Amani ina bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na hifadhi yake ya mazingira asilia ilitangazwa mwaka 1997, wageni wanafika. Akauziwa springi mbili zinazong'aa. Haikumaliza mwezi. Boliti ya bawaba ya nyuma ilikatika kwenye mteremko, na bahati yake ni kwamba aliangukia upande wa kichaka badala ya upande wa korongo. Aliporudi kwa mwenye duka aliambiwa mzigo ukitoka haurudi. Leo anabeba mawe kwa ujira wa siku. Atakayesema baiskeli ni miguu na akamweleze yeye.

Najua nitakavyojibiwa. Kwanza, nitaambiwa kuwa mzee huyu anachukia mambo mapya, anaililia Phoenix ya Mchina na Swala iliyokuwa ikitengenezwa nyumbani. La hasha. Baiskeli zile zilikuwa nzito, hazikuwa na gia, na breki zake za vyuma wakati wa mvua zilihitaji dua. Sifa yake moja kubwa ni kwamba kila fundi chini ya mwembe, Tanga nzima, aliweza kuitengeneza na vipuri vilikuwapo. Sifa hiyo ndiyo ninayoidai kwa baiskeli yoyote, mpya au kuukuu.

Pili, nitaambiwa kuwa mabingwa wa dunia wanatumia springi mbili. Ni kweli, wengi wao siku hizi. Lakini tazama mwendo wake. Mchezo huu wa milimani ulikua Kalifornia katika miaka ya 1970, kwa baiskeli nzito zisizo na springi hata moja. Ulipoingia Olimpiki mwaka 1996 kule Atlanta, Bart Brentjens wa Uholanzi alitwaa dhahabu kwa baiskeli iliyokuwa ngumu nyuma. Ni mwaka 2012, London, ndipo Jaroslav Kulhavý wa Ucheki aliposhinda mbio za wanaume kwa baiskeli ya springi mbele na nyuma. Kwa hiyo hata mabingwa, wenye mafundi wao na stoo ya vipuri, hawakuharakisha. Walisubiri hadi chombo kikawa chepesi na imara. Sisi tunaikimbilia sura yake tu.

Sisemi springi mbili ni haramu. Anayeshuka kila siku mawe na mizizi ya Usambara kwa kazi yake, mwenye uwezo wa kununua shokapu ya kweli na kuifanyia matengenezo kila baada ya saa kadhaa za kupanda, na ainunue, itamlinda mgongo na kumpa mshiko. Anayepita njia za mkonge, barabara za vumbi na vijia vya msituni mara mojamoja, atosheke na nyuma ngumu, mbele uma mzuri au hata uma usio na springi. Fedha inayobaki aipeleke kwenye breki na tairi. Tairi pana lisilojazwa upepo kupita kiasi ndilo springi ya bei nafuu kuliko zote, na fundi wake ni kila mtu mwenye pampu. Amani iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Anayeteremka kutoka huko anahitaji breki kabla ya starehe.

Basi, ndugu mzazi, unapoingia dukani usianze na rangi. Inyanyue baiskeli uone uzito wake. Shika kiti kwa mkono mmoja na gurudumu la nyuma kwa mwingine, utikise kwa upande. Ikicheza ingali mpya, baada ya masika itakuwaje? Ibonyeze springi kisha uiachie. Ikiruka kama mpira, iache hapohapo. Uliza vipuri vyake vinauzwa wapi, kisha umuulize fundi wa mtaani kwako, si muuzaji. Soma pia maandishi yaliyobandikwa kwenye fremu, maana baadhi ya baiskeli hizi zenye sura ya mlimani zimeandikwa na watengenezaji wenyewe kwamba zisipitishwe katika njia mbovu.

Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, na niliwakataza kumpa mwanafunzi alama kwa mwandiko mzuri wenye majibu mabaya. Wafanyabiashara wanaoleta bidhaa hizi wanajua wanachokiuza. Wataacha kuileta siku tutakapoacha kuinunua, na mwenye kuanza ni wewe unayekwenda sokoni Jumamosi hii.