*TAARIFA KWA WANACHAMA: UMEME UPO, TRANSFOMA ZINACHOKA*



Bwawa la Julius Nyerere limekamilika: mashine 9, megawati 2,115. Tunajivunia. Lakini wengi mnatuuliza: kama umeme upo, mbona Kariakoo na Feri bado unakatika?

Msimamo wa tawi ni huu: umeme wa bwawani haumfikii mwenye duka kama transfoma ya mtaani kwake imechoka.

Umri wa transfoma hauhesabiwi kwa miaka pekee. Ndani yake kuna nyaya zilizozungushiwa karatasi na kuzamishwa kwenye mafuta. Joto ndilo linaloila karatasi hiyo. Likizidi kiwango kwa nyuzi 6 hivi, uhai wake hupungua kwa nusu. Ndiyo maana transfoma ya miaka 10 iliyolemewa yaweza kufa kabla ya ile ya miaka 30 iliyotunzwa.

Tazameni Kariakoo. Palipokuwa na nyumba ya chini leo pana ghorofa lenye maduka na viyoyozi. Mwaka 2025 mkoa ulizindua biashara ya saa 24. Tunaiunga mkono, ila usiku ndio ulikuwa muda wa transfoma kupoa. Feri nako chumvi ya bahari inakula vyuma na kuganda kwenye vikombe vya nguzo. Samaki wakioza, hasara ni ya mchuuzi na mama lishe.

Wapo wanaotaka zibadilishwe zote. Hatukubaliani nao. Mpya ikibebeshwa mzigo uleule itaungua vilevile. Zipimwe kwanza: mafuta yachukuliwe sampuli, mzigo upimwe saa za biashara, viungo vimulikwe kwa kamera ya joto. Zilizo hoi zitangulie kubadilishwa.

*Tunadai:*
1. TANESCO ibandike ofisi za serikali za mitaa taarifa ya kila transfoma: mwaka iliyotengenezwa, mzigo, na lini ilipimwa.
2. Kibali cha ghorofa kisitolewe kabla mzigo wake wa umeme haujajulikana.
3. Matengenezo yatangazwe mapema. Saa 4 za kukatiwa kwa taarifa ni bora kuliko siku 3 za giza la ghafla.

Viongozi wa mashina, orodhesheni transfoma zinazovuja mafuta, zinazonguruma kupita kawaida au kutoa cheche. *Tazameni kwa mbali, msiguse.* Orodha ifike ofisi ya tawi kabla ya Jumamosi, tuikabidhi kwa Diwani.

Imetolewa na:
Uongozi wa Tawi