Mnyonge na Haki Yake

Wapo miongoni mwetu, washairi na wapenzi wa ushairi, wasemao kwamba wakili awateteaye watu ambao jinsia yao hailingani na ile waliyoandikiwa walipozaliwa, huyo ametumwa na Ulaya. Wasemao hayo nawasome habari za Mohammad Aslam Khaki wa Pakistan.

Huyu ni wakili aliyebobea katika sheria ya Kiislamu. Mwaka 2009 polisi wa Taxila waliwakamata khwaja sira waliokuwa wakijitafutia riziki kwa kutumbuiza, naye akapeleka shauri Mahakama ya Juu. Hakudai jambo geni: wahesabiwe raia, walindwe, wasinyimwe fungu lao la mirathi. Mwaka uo huo mahakama iliamuru waandikishwe. Mwaka 2012 ikahukumu kuwa katiba inawapa haki sawa na raia wengine. Sheria ya bunge ikafuata mwaka 2018. Mwaka 2023 Mahakama ya Shirikisho ya Sharia ilibatilisha baadhi ya vifungu vyake, kikiwemo kile cha mtu kuitaja jinsia yake kama ajijuavyo mwenyewe. Mabishano ni makali, lakini ni ya Waislamu kwa Waislamu, nchini mwao. Ulaya i wapi hapo?

Najua nitajibiwa kuwa khuntha wa vitabu vya mirathi ni yule mwenye maumbile ya kike na ya kiume pamoja, siye kila khwaja sira. Na iwe hivyo. Tofauti ya fikihi si ruhusa ya matusi.

Nami ni mfasiri, maneno ndiyo kazi yangu. Khwaja maana yake ni bwana; ndilo neno lililowapa Makhoja wa Unguja jina lao. Khwaja sira ni cheo cha majumba ya wafalme wa Kimughali. Wenzetu wamelihifadhi jina la heshima. Sisi kwenye malumbano twatafuta neno la kuchekesha ukumbi, na hatukawii kulipata. Ilhali lugha yetu yenyewe yatusuta: husema "yeye", isiulize mke au mume.

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nusu ya kwanza tumeihifadhi barabara. Khaki alisimama mahakamani kwa ajili ya nusu ya pili. Mshairi asiyeweza hilo, basi angalau kalamu yake isiwe kitanzi.