Mabomu Mawili na Wajibu Wetu

Mara nyingi tukutanapo jioni hapa Lushoto, wenzetu husema ya kuwa bomu la atomiki na bomu la haidrojeni ni kitu kimoja, tena ni mambo ya mataifa makubwa, hayatuhusu sisi watu wa milimani. Twaomba radhi, lakini hatukubaliani na maneno hayo yote mawili.

Bomu la kwanza hupata nguvu kwa kupasua. Kiini cha urani ni kizito. Kikipigwa na nyutroni hupasuka vipande viwili, hutoa joto kubwa na nyutroni nyingine, nazo hupasua viini vingine, na vingine tena, kufumba na kufumbua. Bomu la pili hupata nguvu kwa kuunganisha: viini vyepesi vya haidrojeni hushikamana na kuwa kiini kizito zaidi. Lakini haviungani ila kwa joto la mamilioni ya digrii, na kinacholeta joto hilo ni bomu la kupasua lililotiwa ndani yake. Kila mtu wa Usambara ajua ya kuwa gogo la mkaratusi haliwaki kwa njiti ya kiberiti, mpaka utangulize vijiti vikavu. Basi bomu la kupasua ndilo vijiti, na la haidrojeni ndilo gogo.

Tofauti ya nguvu zao yatisha. Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilikuwa na nguvu ya tani 15,000 hivi za baruti ya TNT. Bomu la haidrojeni ambalo Marekani ililijaribu Bikini tarehe 1 Machi 1954 lilifikia tani 15,000,000, yaani mara 1,000. Hata mafundi wake walishangaa, maana hawakutazamia hata nusu yake.

Je, hayatuhusu? Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga, kwa ndugu zetu wa Kongo wasemao Kiswahili. Wachimbaji hawakuambiwa madini yale yaenda kufanya kazi gani. Nasi tunayo urani kwenye Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo.

Hatusemi isichimbwe, maana hutoa umeme pia. Twasema hivi: kwa kuwa gogo haliwaki pasipo vijiti, alindaye urani, pamoja na plutoni itengenezwayo kwayo, alinda mlango wa mabomu yote mawili. Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kutumika mwaka 2009, wakataza silaha hizo katika bara letu, na Tanzania imo. Lakini mkataba ni karatasi, na karatasi hushikwa na makarani. Shehena haitoki mgodini wala bandarini bila hati, na hati haipiti bila mkono wa mtumishi wa serikali.

Ndugu zetu wa Shinkolobwe hawakuambiwa. Sisi tumekwisha kuambiwa. Tukitia sahihi pasipo kuuliza shehena yaenda wapi, hatutakuwa na udhuru.