Fundi seremala wa Kijerumani aliyeanza na namba 483, na sisi tunaoficha kazi za wazazi wetu

Leo sina picha za mtu aliyeachwa wala gari jipya la mtu. Nina la moyoni, naomba mnivumilie.

Wiki iliyopita ilizunguka klipu ya staa mmoja wa kike, jina sitaji, mnamjua. Kwenye mahojiano aliulizwa mzee wake anafanya kazi gani, akajibu "mfanyabiashara". Haikupita siku mbili wambea wakaweka picha ya mzee kavaa ovaroli, ana msumeno mkononi, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Watu wakacheka mpaka basi. "Kumbe baba fundi tu!"

Hiyo "tu" ndiyo imenifanya niandike.

Kuna neno mmeliona mara nyingi bila kulitilia maanani. Kwenye video za wasanii wakubwa wa nje, mtu kakaa kwenye piano nyeusi inayong'aa, pembeni pameandikwa kwa herufi za dhahabu: Steinway & Sons. Hilo ni jina la fundi seremala. Fundi "tu".

Mzee aliitwa Heinrich Engelhard Steinweg, kazaliwa Wolfshagen, Ujerumani, mwaka 1797. Alianza na ufundi wa samani, baadaye akahamia kwenye vinanda. Hakuanza na kiwanda. Piano yake kubwa ya mwaka 1836 aliitengenezea jikoni kwake, mjini Seesen. Yaani mama anapika, baba anapiga randa, watoto wanaruka vipande vya mbao.

Halafu maisha yakabana. Mwaka 1848 Ujerumani ilichafuka kwa mapinduzi, biashara zikayumba. Mtoto wake mmoja, Karl, akatangulia New York mwaka 1849 kusoma ramani. Mwaka 1850 mzee akapanda meli na mke wake Juliane na watoto. Umri wake? Miaka 53! Umri ambao sisi tunasema mtu keshamaliza mambo yake.

Sasa sikilizeni hapa. Mzee huyu alishatengeneza piano 482 kwao. Bingwa kabisa. Kufika Marekani hakufungua duka kwa mbwembwe. Yeye na wanawe waliajiriwa kwenye karakana za watu wengine, kama vibarua wa kawaida. Kwa karibu miaka mitatu walikuwa wanajifunza wateja wa kule wanataka nini na kazi inauzwaje. Machi 1853 ndipo wakafungua ya kwao Manhattan, na jina wakaligeuza likawa Steinway ili Wamarekani walitamke bila kujing'ata ulimi.

Piano ya kwanza waliyouza chini ya jina hilo ilipewa namba 483. Mnaelewa maana yake? Jina lilibadilika, nchi ilibadilika, lakini hesabu hakuianza upya. Zile 482 za kijijini alizihesabu, hakuzionea aibu. Hiyo namba 483 ikauzwa dola 500, pesa ndefu kwa wakati ule.

Msidhani ilikuwa raha tupu. Mwaka 1865 mzee alipoteza watoto wawili wa kiume ndani ya mwezi mmoja, Henry mdogo na yule Karl aliyetangulia, ambaye kule walishamwita Charles. Henry ndiye aliyekuwa na kichwa cha ubunifu: mwaka 1859 alipata hataza ya kupanga nyuzi za piano kubwa zipishane, nyingine juu ya nyingine, mpango ambao piano kubwa za leo bado zinautumia. Ikabidi kaka mkubwa, Theodor, aliyebaki Ujerumani kuendesha karakana ya nyumbani, auze biashara yake avuke bahari kuokoa jahazi. Marekani hakuipenda hata kidogo, na baadaye alirudi kwao kufia huko. Lakini alikuja, akafanya kazi.

Na umbea ulikuwepo pia, msidhani ni wa kwetu peke yetu. William, mtoto aliyeshika uongozi, ndoa yake ya kwanza ilivunjika mwaka 1876 baada ya kugundua mke ana watu wengine na mtoto mmoja si wake. Yote yamo kwenye shajara yake, na leo mtu yeyote anaweza kuisoma. Aliumia, lakini hakufunga kiwanda. Alijenga kijiji kizima cha wafanyakazi kule Queens, na mpaka leo kuna mtaa unaitwa Steinway.

Siwasifii kila kitu. Jina linasema "na Wana", wa kiume hao. Mabinti wamo wapi? Inasimuliwa kwamba binti yake Doretta alikuwa anawaambia wateja, nunua piano nikufundishe kupiga bure, na piano zinatoka. Mauzo kaleta, kwenye kibao hayupo. Hilo hata kwetu lipo sana, dada anabeba duka halafu linaitwa "fulani na wanawe".

Turudi kwa staa wetu. Mimi simlaumu sana, nitawaambia kwa nini. Nikiwa kidato cha pili tulipewa fomu ya kujaza kazi ya mzazi. Baba yangu ni seremala. Mimi niliandika "mfanyabiashara". Neno lile lile! Ada ya muhula ule ilitoka kwenye kabati la nguo alilokesha nalo siku tatu, na mimi nikamfuta kwa kalamu ya shilingi mia mbili. Fomu ilitakiwa saini yake. Akasoma, akasaini, hakusema kitu. Mpaka leo hajasema.

Kwa hiyo tatizo si yule dada peke yake. Tatizo ni sisi tuliocheka. Tunataka staa awe na "historia", halafu akiwa na baba mwenye vumbi tunamzomea. Mtoto akiona hivyo, atasema ukweli lini? Na ufundi atauheshimu lini? Familia ile kampuni waliiuza mwaka 1972, lakini jina la seremala bado liko palepale kwenye kila piano inayotoka.

Dada, kama unasoma hapa, weka picha na mzee, akiwa na ovaroli yake ile ile. Mimi nimeanza: Jumamosi nilikwenda bandani kwa baba, nikamshikia mbao akate. Aliniuliza tu, "Leo huna kazi?" Nikamwambia ninayo, ndiyo hii.

Na wewe je, mzazi wako anafanya kazi gani? Iandike hapo chini, usiipambe.