Shamba la Mama Halina Barua

Ndugu wafanyakazi wa mugodi, na ninyi ndugu zetu wa site,

Siku ya mshahara tunanunua nini kwanza? Unga. Kabla ya viatu vya mtoto, kabla ya kodi ya nyumba, unga. Na unga huo unatoka wapi? Sehemu kubwa inapita Kasumbalesa juu ya kamio, kutoka Zambia. Mwaka 2024 mvua ilikosa kule, serikali yao ikatangaza msiba wa taifa, na sisi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tukabaki kutazama mpaka kana kwamba mpaka ndio shamba letu. Aibu gani hii! Nchi yenye Lualaba na Luapula inamwomba jirani bukari.

Wakubwa wana jibu lao: mwanakijiji ni mvivu, jembe lake ni la zamani, yafaa kuleta makampuni na matrakta. Maneno haya si mageni. Bula Matari naye alisema mtu mweusi hajui kulima. Tangu 1917 alimlimisha pamba kwa lazima, na amri ya 1933 ikaweka siku 60 kila mwaka za kilimo cha lazima. Asiyelima alikwenda gerezani. Aliyelima hakuulizwa bei. Mtu akikimbia shamba la namna hiyo, ataitwa mvivu?

Basi wakubwa wa siku zetu wakajaribu njia yao. Mwaka 2014 walifungua Bukanga-Lonzo, hektari 80,000, na mashine mpya zinazong'aa. Mwaka 2017 kazi ilikuwa imesimama. Pesa za Serikali zaidi ya dola milioni 200 ziliingia mle, na mwezi wa tano 2025 Korti ya Katiba ikamhukumu waziri mkuu wa zamani miaka 10 kwa sababu ya pesa za mradi huo. Trakta hatuichukii. Lakini kwa pesa zile barabara ngapi zingetengenezwa, ili mahindi ya Kasenga na Bukama yasiozee kijijini wakati wa mvua, kamio ikiwa imezama matopeni?

Tena barabara peke yake haitoshi. Jambo kubwa ni udongo wenyewe. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni wa Serikali. Kwa mashamba ya vijiji, artikle ya 389 iliahidi kwamba haki za watu zitapangwa kwa amri ya Rais. Mwaka 2023 sheria ile ilitimiza miaka 50, na amri ile ilikuwa haijatiwa sahihi. Miaka 50! Maraisi wamepita, jina la nchi limebadilika, na mwanakijiji angali akingoja karatasi moja.

Hapo ndipo wizi unapoingia. Mama analima mahali babu alipofyeka. Chefu anajua, kijiji kizima kinajua. Siku moja anafika mtu na plani yenye mhuri, na mama anaulizwa: barua yako iko wapi? Wakati mwingine mtu huyo ni kampuni la mugodi. Wakati mwingine, tuseme kweli, ni mtu wa kwetu mjini, aliyetoa matabishi ofisini akajipatia hektari asizoziona hata kwa macho.

Mwingine atasema: mimi ni mtu wa mugodi, mambo ya shamba ni ya kijijini. Ndugu, umesahau upesi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini, na kuondoka kule kukaitwa kwa hiari. Wengi walishika jembe. Shamba la kijijini ndilo pansioni ya mfanyakazi ambaye kampuni haimhitaji tena. Likichukuliwa, atarudi wapi?

Tunadai amri iliyoahidiwa 1973 iandikwe: shamba linalolimwa na watu wa kijiji liwe na barua, bila matabishi, na jina la mama liandikwe, si la mume peke yake. Iandikwe kwa Kiswahili pia, isomwe mbele ya kila chefu na watu wake.

Na wewe msomaji, ukipanda gari kwenda nyumbani likizo hii, uliza mipaka ya shamba la wazee wako. Zunguka na wazee, ihesabu miti na mito, andika katika daftari, majirani watie sahihi.